Somo la Sita: Jinsi Taifa Linavyoweza Kujinasua na Utegemezi wa Mafuta

Mifano kutoka Nachingwea na Ruangwa

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji anatarajiwa kumudu mambo matatu. Kwanza, aweze kutambua ni wapi maisha yake ya kila siku yanategemea mafuta. Pili, aweze kupiga hesabu rahisi ya kulinganisha gharama ya mafuta na gharama ya umeme kwa kazi ileile. Tatu, ajue aulize nini na adai nini kabla hajatoa fedha zake kununua mtambo mpya. Tumeichagua mifano yetu katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa sababu wilaya hizi zinalionesha jambo hili kwa uwazi: ziko mbali na soko la mafuta, lakini ziko karibu na gesi, jua na madini ambayo dunia inayatafuta ili iyaache mafuta hayo.

Nishati ya kisukuku ni ipi?

Nishati ya kisukuku ni ile itokanayo na mabaki ya mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Iko ya aina tatu: mafuta ya petroli na jamaa zake (dizeli na mafuta ya taa), gesi asilia, na makaa ya mawe. Mkaa wa kupikia haumo katika kundi hili, kwa kuwa hutokana na miti ya leo. Una madhara yake kwa misitu na kwa mapafu, lakini ni suala jingine.

Hapa watumiaji wengi wa kusini huchanganya mambo mawili, nasi tungependa kuyatenganisha. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni gesi asilia. Hiyo husafirishwa kwa mabomba na hutumika zaidi kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Gesi iliyomo katika mtungi wa kilo 6 au 15 ni gesi nyingine. Huagizwa kutoka nje ya nchi kwa meli, na bei yake huyumba pamoja na bei ya mafuta duniani. Kwa hiyo anayepikia mtungi Nachingwea hapikii gesi ya Lindi. Aidha, gesi zote mbili ni za kisukuku. Tunapozungumzia nishati safi ya kupikia, tunamaanisha nishati isiyomwumiza mpishi kwa moshi. Hatumaanishi kwamba kila nishati ya namna hiyo imetutoa katika utegemezi.

Utegemezi huu unajificha wapi?

Mtu asiye na gari anaweza kudhani kwamba mafuta hayamhusu. Na tumtazame mkulima wa korosho wa Ruangwa. Mashine ya kupulizia mikorosho hutumia petroli. Salfa inayopulizwa nayo ina nasaba na mafuta, kwani sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani leo hupatikana wakati wa kusafisha mafuta na gesi. Korosho zikishavunwa, husafirishwa kwa pikipiki au trekta hadi ghala la chama cha msingi, kisha kwa lori hadi ghala kuu, na hatimaye hadi bandarini. Mahindi ya familia yake husagwa kwa mashine ya dizeli ikiwa umeme haujafika kijijini. Ufuta na mbaazi hupita njia hiyohiyo. Katika kila hatua kuna lita iliyochomwa, na kila lita hulipwa na mkulima, ama kwa kutoa fedha mkononi, ama kwa kupokea bei ndogo ya mazao yake.

Bei ya lita hiyo hujengwa na nini? Tanzania huagiza mafuta yakiwa yamekwisha kusafishwa, kupitia utaratibu wa uagizaji wa pamoja. Kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kwa kila mji. Bei hiyo hukusanya bei ya soko la dunia, gharama za meli na bandari, thamani ya shilingi dhidi ya dola, kodi na tozo, faida ya wafanyabiashara, na usafiri kutoka bandarini hadi kituoni. Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma hukadiriwa kwa kupitia bandari ya Mtwara. Katika orodha hii ndefu hakuna hata kipengele kimoja ambacho mtumiaji wa Ruangwa anaweza kukipunguza kwa juhudi zake.

Mwaka 2022 ulitupa somo la wazi. Vita vya Ukraine vilipandisha bei duniani, na kufikia Mei mwaka huo petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita hata jijini Dar es Salaam. Kuanzia Juni serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Ruzuku ilikuwa nafuu ya lazima, lakini fedha iliyolipia mafuta yaliyochomwa haikuacha nguzo, waya wala mtambo. Hii ndiyo maana halisi ya utegemezi: kulipa kila mwezi kwa kitu kinachoteketea, kwa bei inayopangwa na matukio ya mbali.

Kwa nini njia ya kutokea hupitia kwenye umeme?

Nchi zilizopiga hatua katika jambo hili zimefanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuzalisha umeme bila kuchoma mafuta. Ya pili ni kuzihamishia kwenye umeme zile kazi zilizokuwa zikifanywa na mafuta. Moja bila nyingine haitoshi.

Jirani zetu wanaonesha hatua hizo. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi huko Olkaria mwaka 1981, na leo jotoardhi ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote vya umeme wake. Hata hivyo magari na pikipiki zake nyingi bado hunywa mafuta yaliyoagizwa, hivyo kazi ya pili haijakamilika. Ethiopia, ambayo karibu umeme wake wote unatokana na maji, iliamua mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli ili fedha za kigeni zisiendelee kutoka nje kwa ajili ya mafuta.

Kwetu, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Mikoa ya Lindi na Mtwara, kwa upande wake, kwa muda mrefu iliishi nje ya gridi ya taifa, ikitumia umeme wa gesi kutoka Mtwara. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi ilipangwa ili kuondoa upweke huo.

Msomaji makini atauliza: ikiwa umeme wa kusini umekuwa ukitokana na gesi, nao si wa kisukuku? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kiini cha somo hili. Injini ya dizeli inajua kula dizeli tu; leo, kesho na hadi itakapochakaa. Mota ya umeme haichagui. Leo itazungushwa na gesi ya Mtwara, kesho na maji ya Rufiji, keshokutwa na jua. Anayehamia kwenye umeme anauhamisha uamuzi kutoka kwenye maelfu ya injini zilizotawanyika vijijini na kuupeleka kwenye mitambo michache ambayo taifa linaweza kuibadilisha. Ndiyo sababu tunasema taifa hujinasua lita moja baada ya nyingine, pale ambapo mtumiaji amepata mbadala wenye nafuu na wa kuaminika.

Maji nayo yasigeuzwe kuwa tegemeo pekee. Ukame wa mwaka 2022 ulitukumbusha kwa mgawo wa umeme kwamba mito hupungua. Taifa linalojinasua huchanganya maji, jua na upepo, huku likibakiza gesi yake kama akiba ya siku ngumu.

Hesabu ya kwanza: mashine ya kusaga

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10 za umeme. Lakini injini ndogo hugeuza kati ya robo na theluthi tu ya nishati hiyo kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kama joto na moshi. Tuchukue uniti 3 za kazi kwa kila lita. Mota ya umeme hugeuza takriban asilimia 85 ya umeme kuwa kazi. Ili kupata uniti 3 za kazi, mota itahitaji uniti 3.5 hivi.

Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo ni ya kundi la T1 la wateja wa kawaida wa biashara ndogo, uniti 3.5 ni shilingi 1,022. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya udhibiti asilimia 1, unapata shilingi 1,247 hivi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, dizeli inauzwa shilingi 2,900 kwa lita. Tofauti ni shilingi 1,653 kwa kila lita iliyoachwa. Mashine inayotumia lita 10 kwa siku, ikifanya kazi siku 25 kwa mwezi, itaokoa takriban shilingi 413,000. Ikiwa mota, swichi yake na utandazaji wa nyaya vitagharimu shilingi 4,000,000, fedha hiyo itarudi katika miezi 10 hivi.

Msomaji abadilishe tarakimu zetu kwa bei ya siku na kwa kumbukumbu za mashine yake mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari: asiyeandika lita anazonunua hawezi kujua anachopoteza wala atakachookoa. Aidha, kabla ya kununua mota, ahakikishe kwa TANESCO kwamba umeme wa njia tatu unafika mahali alipo, na aandike kwa mwezi mmoja umeme umekatika mara ngapi na kwa saa ngapi. Injini ya zamani asiiuze kwa haraka. Ibaki kuwa akiba kwa mwaka wa kwanza.

Nachingwea ina sababu yake ya pekee ya kuheshimu vipimo. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa ajili ya karanga. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa kabla udongo na mvua havijajulikana vema. Mpango ulisitishwa mwaka 1951 ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36, na reli yake haikudumu. Kubwa lisilopimwa hushindwa na dogo lililopimwa.

Hesabu ya pili: jikoni

Wateja wengi huamini kwamba kupikia umeme ni anasa. Jiko la presha la umeme lenye wati 1,000 likivuta umeme kwa nusu saa, hutumia nusu uniti. Hiyo kwa kawaida hutosha kuivisha sufuria ya maharage au mbaazi, kwa kuwa jiko hilo hufunga joto ndani na hujizima lenyewe mara kwa mara.

Nyumba iliyo katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza kila mwezi. Zinazozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Tuseme familia hutumia uniti 20 kwa taa, redio, simu na televisheni. Ikipika kwa jiko la presha mara mbili kwa siku, itaongeza uniti 30 kwa mwezi. Jumla ni uniti 50, yaani bado imo ndani ya 75. Gharama ya mapishi hayo ni shilingi 3,000, au shilingi 3,660 pamoja na kodi na tozo. Mtumiaji ailinganishe na anachotumia sasa kwa mkaa au mtungi. Tahadhari ni moja: jiko la koili lililo wazi, pasi na hita ya maji huweza kuivusha nyumba hiyo mpaka wa uniti 75 kwa siku chache. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU isichanganywe na bei ya umeme.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa familia iliyo mbali na nguzo, mtungi ni hatua njema ya kutoka kwenye moshi. Kwa familia ambayo tayari ina umeme, ni vema ipige hesabu hii kabla ya kununua mtungi wa pili.

Hesabu ya tatu: jua na bodaboda

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa saa 5 hutoa takriban nusu uniti kwa siku, kabla ya upotevu wa betri na nyaya. Hiyo hutosha taa, simu, redio na televisheni ndogo. Haitoshi kupikia wala kupigia pasi. Muuzaji anayeahidi kwamba paneli moja ndogo itaendesha jokofu na pasi anauza maneno. Kazi inayolifaa sana jua ni ile inayoweza kusubiri mchana, hasa kusukuma maji. Kijiji kilichobadilisha pampu ya dizeli kwa ya jua hakisimamishi maji kwa sababu dizeli imekwisha. Kinachohitaji ni kuweka akiba ya matengenezo kutoka katika kila ndoo.

Pikipiki ya petroli hutumia takriban lita 2.5 kwa kilomita 100. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa mfano, ni shilingi 7,500. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti 4 kwa umbali huo, yaani shilingi 1,425 hivi kwa bei ya T1 pamoja na kodi na tozo. Tofauti inavutia, lakini gharama ya pikipiki hiyo imo ndani ya betri. Kabla ya kusaini mkataba au mkopo, dereva aulize: betri ina dhamana ya miaka mingapi, na dhamana hiyo imeandikwa? Fundi na vipuri viko Nachingwea au Dar es Salaam? Betri ikichoka itagharimu kiasi gani? Je, inastahimili barabara ya vumbi na mzigo wa gunia? Asipopata majibu kwa maandishi, asubiri.

Jambo hili lina upande mwingine kwa wenyeji. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, na kilima cha Ntaka wilayani Nachingwea kina nikeli. Yote mawili hutumika kutengeneza betri. Wilaya zinazoitoa malighafi ya betri zina haki ya kuuliza lini betri hizo zitarudi kwao zikiwa bidhaa nafuu, na viongozi wao wana wajibu wa kujibu.

Haki na wajibu wa mtumiaji katika kipindi cha mpito

Mafuta hayataondoka mwaka huu wala ujao. Maadamu yapo, mtumiaji asinyonywe nayo.

Kwanza, ijue bei kikomo ya mji wako. Hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na hupatikana kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kituo kinatakiwa kuionesha bei yake katika bango linalosomeka.

Pili, dai risiti kila mara. Risiti ndiyo ushahidi wako iwapo mafuta yataharibu injini yako. Mafuta halali huwekewa vinasaba ili kudhibiti uchakachuaji na ukwepaji wa kodi.

Tatu, epuka mafuta ya chupa na madumu. Hayana kipimo cha kuaminika, na moto wake hauchagui nyumba.

Nne, unapoingiza umeme, mtumie fundi mwenye leseni. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000. Anayedai zaidi atoe maelezo na risiti.

Tano, ununuapo paneli, betri au jiko, tafuta alama ya ubora ya TBS na kadi ya dhamana.

Sita, toa taarifa umeme unapokatika, na uitunze namba ya taarifa hiyo. Mwenye mashine atarudi kwenye dizeli kila umeme unapomwangusha, na hapo taifa zima limerudi nyuma pamoja naye. Taarifa zenu ndizo zinazotuwezesha sisi wadhibiti kuwabana watoa huduma kwa ushahidi. Malalamiko yasiyojibiwa na mtoa huduma yaletwe kwa mdhibiti kwa maandishi.

Maswali ya kujipima

1. Taja vitu vitatu ulivyovitumia jana ambavyo bei yake ilibeba gharama ya mafuta.

2. Kwa nini gesi ya mtungi hupanda bei wakati gesi ya Songo Songo iko mkoani Lindi?

3. Mashine ya kijijini kwako hutumia lita 6 za dizeli kwa siku. Kwa bei ya dizeli ya leo, itaokoa kiasi gani kwa siku ikihamia kwenye umeme?

4. Chukua risiti zako mbili za mwisho za LUKU. Je, uko kundi la D1 au T1, na zimebaki uniti ngapi kabla ya kufikia 75 kwa mwezi?

5. Jadilianeni katika mkutano wa kijiji au chama cha msingi: ikiwa mngeweza kubadilisha injini moja tu mwaka huu, iwe ipi, na ni vipimo gani mnapaswa kuvikusanya kabla ya kutoa fedha?